Supavaiza akipigwa, msianze na "huyo kijana ana hasira"

Kazi yangu ni kuitwa na makampuni mambo yakishaharibika, na nikifika Industrial Area, kule viwandani Nairobi, kwa sababu mfanyakazi amemrushia supavaiza ngumi, HR huwa ameshapata jibu: jamaa ana hasira, alikuwa amelewa, tangu aje hajatulia. Ngumi ni ngumi, siitetei. Lakini mwaka 2005 mtafiti Michelle Inness na wenzake walichunguza watu wenye kazi mbili, yaani mtu yule yule mabosi wawili, wakapata kwamba fujo kwa bosi inategemea sana vile bosi wa hapo anavyomtendea. Ingekuwa tabia tu, si angegombana kotekote?

Kwa hivyo mimi huuliza kabla ya hiyo siku kulikuwa na nini. Mara nyingi ni ovataimu. Kijana amepiga zamu za usiku, peislipu inakuja pungufu, anauliza, anajibiwa "ukichoka wenzako wamejaa hapo geti", tena mbele ya laini nzima na watu wanacheka. Pesa anaweza kumeza, kuumbuliwa hakushuki. Hapigi mtu siku hiyo. Anaacha kusalimia, kazi inavutwa, "sawa bosi" inatoka na sauti fulani hivi, na supavaiza anaona yote ila anaita kiburi, anaongeza ukali.

Dawa si ngumu. Ukikata pesa, aliyeamua ndiye aje aeleze, kabla ya siku ya malipo, asitume karani. Kukemea ni ofisini, mlango umefungwa. Na malalamiko yawe na njia isiyopita kwa supavaiza, maana nimeona sanduku la maoni ambalo funguo anazo yeye mwenyewe, jamani!

Sheria nayo waajiri wanaisoma nusu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 44, inakuruhusu kumfuta mtu papo hapo akimtukana bosi, hiyo wote wanaijua kwa kichwa. Kifungu cha 41 kinasema lazima kwanza asikizwe, akiwa na mwenzake aliyemchagua, hicho wanakiruka. Kisha barua anapewa getini na yule yule waliyegombana naye, askari wamesimama, wenzake wanaingia zamu wakimwangalia, sasa hapo mnategemea aende nyumbani akalale?