Löyly: maana yake, na jinsi inavyochagua mawe na mbao za sauna

Katika hoteli moja ya mjini niliwahi kuingia chumba chenye kibao cha "Sauna" mlangoni, yaani bafu la joto la Kifini. Kuta zilikuwa za marumaru nyeupe kutoka sakafuni hadi darini, benchi nalo limejengwa kwa zege likavalishwa marumaru, na kwenye kona kulikuwa na jiko la umeme lililojazwa mawe. Juu ya jiko wamebandika onyo: ni marufuku kumwagia mawe maji. Nilikaa dakika kumi hivi. Ukuta ulinichoma kila nilipotaka kuegemea, kichwa kilipata moto huku nyayo zimepoa, pua ikakauka. Kilichoniuma ni kwamba fedha ilitumika pale, na mafundi walikuwa na mkono safi. Ila hakuna aliyewaeleza kile ambacho chumba kinajengwa ili kukitoa. Kitu hicho kina jina: löyly.

Ni neno la Kifini. Ukitaka kulitamka, sema "e" huku midomo umeiviringa kama wa kusema "o", kisha "i" huku midomo imekaa kama ya "u". Maana yake ni mvuke unaoinuka maji yanapomwagwa juu ya mawe ya moto, pamoja na lile wimbi la joto linalokushukia mabegani sekunde chache baadaye. Lina undugu na neno la Kihungari lélek, yaani roho. Mfini akitoka kuoga hakuulizi chumba kilikuwa na nyuzi ngapi. Anauliza löyly ilikuwaje: laini, kali, au nzito.

Ufini ina watu wapatao milioni 5.5 na sauna zinazokadiriwa kupita milioni 3. Mwaka 2020 UNESCO iliingiza utamaduni huo kwenye orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Zamani kule vijijini wanawake walijifungulia saunani, na maiti nao waliogeshwa humo, kwa kuwa ndicho chumba kisafi chenye joto na maji ya moto katika boma zima. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini wanachukizwa na sauna iliyojengwa ovyo.

Sisi nasi mvuke tunaujua. Tunapiga nyungu: sufuria ya majani inachemka, unajifunika blanketi, mvuke unapanda usoni. Unguja kuna Hamamni, bafu la umma lililojengwa enzi za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, lenye kuta za mawe na chokaa. Lakini vitu hivi vitatu havifanani. Kwenye nyungu na kwenye chumba cha mvuke hewa imeshiba maji, kwa hiyo joto la nyuzi 45 tu linatosha kukuzidi nguvu. Kwenye sauna hewa ni kavu na ya moto sana, nyuzi 80 hadi 100 karibu na dari, na unyevu unauleta wewe mwenyewe kwa kata, kidogo kidogo, unapoutaka. Hamamu ni ya mawe kwa sababu imelowana wakati wote na haifiki joto hilo. Sauna ni ya mbao kwa sababu joto lake lingekuunguza juu ya kitu kingine chochote. Aliyejenga chumba kile cha hotelini alichukua kuta za hamamu akaziwekea jiko la sauna.

Tazama kinachotokea unapomwaga kata moja, tuseme desilita mbili. Kwenye mawe yaliyoiva vizuri husikii kishindo cha maji kuchemka. Unasikia mnong'ono mrefu, "shhhh", na huoni wingu lolote, maana mvuke wenye joto hilo hauonekani. Desilita mbili za maji zinakuwa lita zaidi ya 300 za mvuke, ndani ya chumba ambacho pengine kina lita 8,000 tu za hewa. Mvuke huo unapanda darini, unatambaa, unashuka ulipo wewe. Ngozi yako ndiyo kitu cha baridi kuliko vyote mle ndani, kwa hiyo unagandia hapo na kugeuka maji, na katika kugeuka unamwaga joto lake lote mwilini mwako. Mchomo ule mtamu unaokufanya uinamishe kichwa ndio huo. Wengi hudhani ni jasho lao peke yake, kumbe sehemu ya maji yale yametoka kwenye kata.

Kwa hiyo vitu viwili vinatakiwa kufanya kazi kinyume. Mawe yashike joto jingi kadiri yawezavyo. Kila kingine kinachogusa mwili kisishike joto kabisa.

Mawe ya jiko (jiko lenyewe kwa Kifini ni kiuas) huwa mazito yenye asili ya volkano au ya kina cha ardhi: peridotiti, olivini-diabazi na jamaa zao. Yanastahimili kupashwa na kumwagiwa maji mara maelfu. Mawe ya mtoni yana sura nzuri, lakini huficha maji ndani, na maji yakichemka bila njia ya kutokea jiwe linapasuka na kurusha vipande. Na kwa mtu wa pwani niseme moja kwa moja: jiwe la matumbawe usiliweke kabisa. Waliowahi kuona tanuu la chokaa wanajua sababu. Jiwe hilo likikaa kwenye moto mkali linaanza kuwa chokaa, na chokaa mbichi ikipata maji inachemka na kufumuka yenyewe. Lililojenga Mji Mkongwe halifai hapa. Hata mawe mazuri huchoka. Baada ya mwaka mmoja au miwili ya matumizi ya mara kwa mara, toa yote, uyachambue: linalomomonyoka kwa vidole au lenye ufa litupwe, mazima yarudishwe kwa kulegezwa ili hewa ipite katikati yake. Jiko la umeme lililoshindiliwa mawe huziunguza koili zake mapema.

Sasa mbao, na hapa ndipo ningependa mtu asome polepole. Benchi la juu linaweza kuwa na nyuzi 80 na ushee, na mtu analikalia akiwa uchi. Haungui, kwa kuwa mbao hupitisha joto polepole mno, mamia ya mara pungufu ya chuma. Uso wake unapokugusa unatoa kile kidogo ulicho nacho, kisha unapoa, na joto la ndani linachelewa kufika. Kadiri mbao ilivyo nyepesi na yenye vitundu vya hewa ndani, ndivyo inavyokuwa rafiki wa ngozi. Ndiyo maana mninga au mvule, mbao tunazozienzi kwa samani, ningesita kuzikalia kwenye joto hilo: ni nzito, zinashika joto. Wafini hupenda miti yao laini ya haapa na leppä, isiyo na utomvu wa kuchuruzika. Msonobari haufai benchi. Utomvu wake unayeyuka na kutoka kama gundi ya moto, na macho ya mbao yake, yaliyo magumu kuliko sehemu nyingine, yanachoma kama kibati.

Na kuna jambo linalonifurahisha kila ninapoligusa. Moja ya mbao zinazopendwa zaidi kwa mabenchi ya sauna huko Ulaya ni abachi, na abachi haioti Ulaya. Ni mti wa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, mpaka Kongo. Ghana wanauita wawa, Nigeria obeche, Kameruni ayous. Ni mweupe wa maziwa, hauna macho, na mbao yake ni nyepesi hata kijana anabeba ubao mrefu kwa mkono mmoja. Mtu amekaa Helsinki, nje theluji imefika magotini, na kilichomkinga asiungue ni mti wa msitu wetu.

Namna ya kuufunga ubao huo nayo ni sehemu ya ujenzi. Skrubu hupigwa kutoka chini ya benchi kuja juu, zisitokeze, maana kichwa kimoja cha skrubu kilichoachwa wazi kinatosha kumtia mtu alama pajani. Kati ya ubao na ubao huachwa nafasi ya upana wa kidole hivi, maji yapite na benchi likauke. Kingo hupigwa randa zikawa mviringo. Halafu hakuna kupaka vanishi wala rangi. Vanishi hufanya ngozi ya moto juu ya mbao, hunuka, na huizuia mbao isinywe mvuke. Mbao tupu hunywa unyevu kidogo löyly inapokuja na kuurudisha taratibu, na hilo ndilo linaloifanya löyly iwe laini. Marumaru haina uwezo huo.

Kuta zina njia mbili kuu. Ya kale ni magogo yaliyolazwa moja juu ya jingine, yameshikana kwenye pembe, na katikati yake hujazwa kuvumwani, au siku hizi sufi ya kitani. Gogo ni ukuta, ni nguzo na ni kinga ya joto kwa pamoja. Halitaki karatasi wala pamba. Ila linanywea: ukuta wa magogo hushuka sentimita kadhaa katika miaka yake ya kwanza, kwa hiyo juu ya kila mlango na dirisha fundi huacha nafasi. Asipoiacha, nyumba inakuja kukalia mlango na haufunguki tena. Gogo pia huchelewa kupata moto, na jiko lake linatakiwa kuwa na nguvu zaidi.

Njia ya pili ni fremu ya mbao iliyojazwa pamba ya madini, na ndiyo ya sauna nyingi za leo, hata zile ndogo ndani ya fleti. Upande wa ndani, juu ya pamba, hubandikwa karatasi ya alumini, na kila kiungo kinazibwa kwa utepe wa alumini bila kuruka hata kimoja. Mvuke ukipenya ukafika kwenye pamba, unageuka maji mahali pasipoonekana, na ukuta unaoza ukiwa unapendeza kwa nje. Juu ya karatasi hupigiliwa papi nyembamba ili kuwe na upenyo wa sentimita mbili hivi, kisha ndiyo zinakuja mbao za ulimi na mfereji. Nimeona mafundi wakiuruka upenyo huo ili kuokoa mbao. Usikubali. Hewa inayopita pale nyuma ndiyo inayokausha mbao baada ya kila kuoga. Dari hupewa pamba nene kuliko kuta, kwa kuwa joto lote linakimbilia huko.

Nguvu ya jiko la umeme hupigiwa hesabu ya takriban kilowati 1 kwa kila mita ya ujazo ya chumba. Kioo, tofali na marumaru hula joto, kwa hiyo kila mita ya mraba ya kuta za namna hiyo huhesabiwa kama mita ya ujazo moja na zaidi kidogo. Mlango mpana wa kioo unaovutia kwenye picha unaulipia kwenye bili ya umeme.

Urefu ndio kosa linalorudiwa sana nje ya Ufini. Löyly inaishi juu. Benchi la juu likae sentimita 110 hadi 120 chini ya dari, ili aliyekaa wima asigonge kichwa na asikae chini ya joto. Na nyayo zake ziwe juu ya usawa wa mawe. Kule hotelini benchi lilikuwa la futi moja na nusu kutoka sakafuni, kwa hiyo nilikuwa nimekaa shimoni, na löyly yote, kama ingekuwepo, ingepita juu yangu.

Hewa safi nayo iwe na njia. Kwa jiko la umeme, tundu la kuingizia huwekwa juu ya mawe, hewa ichanganyike na mvuke kabla haijakufikia, na la kutolea chini ya mabenchi upande wa pili. Jiko la kuni huvuta hewa lenyewe, kwa hiyo tundu lake la kuingizia hukaa chini karibu nalo. Mlango ufunguke kwa nje, usiwe na kufuli wala komeo. Mtu aliyepata kizunguzungu autoke kwa kuusukuma kwa bega tu.

Ukitaka kuonja löyly inayosifiwa kuliko zote, ni ile ya sauna ya moshi, isiyo na dohani. Kuni zinawaka saa nyingi chini ya rundo kubwa la mawe, moshi unajaa chumba na kuzipaka kuta masizi. Moto ukiisha, makaa yanatolewa, moshi unaachiwa utoke, kata ya kwanza inamwagwa kufukuza uchungu wa macho, na chumba kinaachwa kitulie kabla ya watu kuingia. Mawe ni mengi na moto umekwisha, kwa hiyo joto linatoka bila haraka. Huko Tampere, mtaa wa Pispala, sauna ya umma ya Rajaportti ya mwaka 1906 bado inafanya kazi kwa jiko kubwa la mawe linalopashwa kwa kuni kabla ya waogaji kufika. Hilo lina dohani, lakini joto lake ni la ukoo huohuo.

Mwogaji wa mwisho akishatoka, anamwaga maji kwenye benchi, analisugua kwa brashi, anainua mbao za sakafuni na kuziegemeza ukutani. Jiko la kuni linaongezwa kigogo kimoja, la umeme linaachwa liwake dakika chache zaidi. Matundu yote yanafunguliwa, mlango unaachwa wazi, na mbao zinakauka usiku kucha.