Handaki la DNS na DNS ndani ya handaki

Kijana mmoja wa ofisini kwetu alimwandikia mkuu wa usalama wa mtandao ujumbe wa mstari mmoja: "Dada, nimewasha handaki la DNS kwenye kompyuta zote za wahasibu." Dada aliacha chakula mezani akapanda ngazi mbio. Kumbe kijana hakuharibu kitu. Alifanya kazi nzuri, akaipa jina la kazi nyingine. Jina hilo nimeshalisikia likitumiwa vibaya mara nyingi mno mwaka huu, ndiyo maana naandika.

Kazi aliyoifanya kweli inaitwa kunasa maulizo ya DNS, na maelezo yake ni mafupi. Kompyuta ikitaka kufungua tovuti, kwanza huuliza jina lile lina anwani gani ya namba. Ulizo hilo huenda kwa seva ya DNS, yaani kitabu cha majina cha intaneti, kupitia mlango namba 53, na mara nyingi wa kwanza kuulizwa ni ruta, kile kifaa cha kugawa intaneti, iliyo hapo hapo chumbani. Ukijiunga na mtandao wa mbali kwa VPN au SSH, njia zinazopitisha data zikiwa zimefichwa kama ndani ya handaki, data zako huingia handakini, lakini maulizo yanaweza kubaki nje. Kunasa maulizo ya DNS ni kuyakamata yakiwa bado kwenye mashine yako, kuyaingiza handakini, na kuyapeleka yakajibiwe na seva ya upande wa pili.

Maulizo hubaki nje kwa sababu ruta yako ina anwani kama 192.168.1.1, yaani ni jirani. Amri ya "kila kitu kipite handakini" ni pana, ile ya "majirani wa 192.168.1 wako hapa hapa" ni finyu, na kompyuta hufuata iliyo finyu zaidi. Matokeo yake ni mawili. Anayekuuzia intaneti anaendelea kuona majina ya tovuti unazoulizia. Pili, majina ya ndani ya ofisi hayafunguki, kwa kuwa ruta ya nyumbani haiyajui: ukiandika namba ya seva unaingia, ukiandika jina lake unakwama. Programu ya sshuttle, inayopitisha data ndani ya SSH, ina swichi ya --dns kwa ajili hii hasa. Kwa kawaida hubeba TCP tu, moja ya namna mbili kuu za kusafirisha data, na maulizo ya DNS kwa desturi husafiri kwa ile nyingine, UDP, hivyo yanaachwa. Ukiweka swichi hiyo, inayageuza njia kwa kanuni za ngome (firewall) ya kompyuta yako na kuyatuma ndani ya SSH. Hayo ndiyo aliyoyafanya kijana wetu.

Handaki la DNS ni kitu kingine kabisa. Hapo DNS yenyewe ndiyo handaki. Data yoyote, hata barua pepe nzima, hukatwa vipande, kila kipande kikavalishwa sura ya jina la tovuti, kikaulizwa kana kwamba ni ulizo la kawaida. Seva uliyoiandaa mbali hupokea, hufumbua, na kurudisha data nyingine ndani ya majibu. Kwa kuwa sehemu moja ya jina haizidi herufi 63, na jina zima halizidi 255, mwendo wake ni wa kobe. Programu moja maarufu ya kazi hii inaitwa iodine, kwa sababu elementi ya iodini, ile tunayoijua kwa jina la madini joto kwenye chumvi, ina namba atomia 53, sawa na mlango wa DNS. Vijana hutumia mbinu hii kuvinjari bila bando, na wezi huitumia kutorosha data za ofisi pole pole. Sasa mfikirie dada, anaambiwa imewashwa kwa wahasibu.

Kijana ana utetezi wake, na ni wa kisarufi. Tunasema "bomba la maji" kwa bomba linalopitisha maji, na "bomba la plastiki" kwa bomba lililotengenezwa kwa plastiki. Kiunganishi ni kile kile "la", maana mbili. Yeye alisoma "handaki la DNS" kama bomba la maji. Wenye fani ya usalama wamelisoma kama bomba la plastiki tangu zamani, na maana yao ndiyo iliyozoeleka.

Neno lenyewe "handaki" nalo limehama mbali. Limetoka kwa Waarabu, khandaq, likapoteza sauti ya kh kama khabari ilivyokuwa habari na khatari ikawa hatari. Waarabu nao walilipokea kutoka Uajemi, kwenye mzizi wenye maana ya kuchimba. Wasomaji wengi wanalijua kupitia Vita vya Handaki vya Madina, mwaka wa 5 Hijria, 627 Miladia, ambapo ushauri wa kuchimba ulitoka kwa Salman, mtu wa Uajemi. Handaki lile lilikuwa shimo refu lililo wazi juu, la kuzuia farasi wasivuke. Leo kwa neno hilo hilo tunaita njia iliyofunikwa ya kupitishia watu, kama yale ya reli ya SGR ya Kilosa na Ngong. Kutoka kuzuia hadi kupitisha! Sioni ubaya, lugha ndivyo inavyokwenda. Ila nakumbuka jambo moja la Madina: walichimba upande wa kaskazini, kwa kuwa pande nyingine zililindwa na mawe ya volkano, nyumba na mashamba ya mitende. Ambaye VPN yake haijanasa DNS amechimba kaskazini, na upande wa pili hana mawe wala mitende.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ujumbe wako ungetosha kusomeka hivi: "Dada, maulizo ya DNS ya wahasibu sasa yanapita ndani ya handaki." Neno limeongezeka moja tu, na dada angemaliza kula.