David Dein hakukaribia kuimiliki Arsenal baada ya kuondoka

Bosi wa zamani wa klabu akionekana tu na tajiri, mashabiki hukata shauri papo hapo: anarudi kununua timu. Ndivyo ilivyosemwa kuhusu David Dein, makamu mwenyekiti wa Arsenal aliyeondoka Aprili 2007, na wapo wanaoamini hadi leo kwamba alibakiza kidogo tu kuichukua klabu.

Kumbe Dein alikuwa muuzaji. Aliingia mwaka 1983 kwa kununua hisa za pauni 292,000. Agosti 2007 aliuza hisa zake kwa pauni milioni 75 kwa Red & White, kampuni ya matajiri Alisher Usmanov na Farhad Moshiri. Akapewa uenyekiti wa kampuni hiyo, akauacha mwaka uliofuata. Cheo kilikuwa kikubwa, ila hisa alikuwa ameshauza.

Tena, hisa nyingi si lazima ziwe mamlaka. Usmanov alifikisha takriban asilimia 30 na hakupata hata kiti kimoja kwenye bodi. Kwa sheria ya Uingereza, mwenye zaidi ya robo anaweza kuzuia maazimio maalumu, kama kubadili katiba ya kampuni. Wakurugenzi huchaguliwa kwa wingi wa kawaida wa kura, na tajiri wa Marekani Stan Kroenke alivuka nusu ya hisa mwaka 2011. Mchezo ukaisha hapo, ingawa tetesi hazikuisha.

Mwaka 2018 Usmanov alimuuzia Kroenke hisa zake kwa pauni milioni 550. Kroenke akavuka asilimia 90, na wanahisa wadogo, wakiwemo mashabiki, wakalazimika kumuuzia hisa zao.