Je, wajua kwa nini mshauri nasaha mzoefu bado hurudi darasani?

Jirani yangu hapa Uyole analima viazi mviringo, na mpwa wake anafanya tiba ya mazungumzo Mbeya mjini. Wiki iliyopita kijana alikuja kuaga, anakwenda semina Iringa. Mzee akashangaa: "Miaka kumi na miwili kazini, bado unafundishwa tu?"

Shambani kwa mzee, ugonjwa wa bakajani ukiingia baada ya siku mbili tatu za ukungu na manyunyu, majani hupiga madoa meusi, na wiki haiishi kabla hajajua kwamba alichelewa kupiga dawa. Shamba linamsuta. Mshauri nasaha hana shamba la kumsuta. Aliyepona harudi kwa sababu amepona. Aliyekata tamaa harudi pia. Kiti kitupu ni kilekile.

Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia watabibu 170 wa tiba ya mazungumzo na wagonjwa wao zaidi ya 6,500. Kwa wastani, miaka ya kazi haikuwanoa. Matokeo yao yalishuka kidogo. Kidogo sana, kweli, lakini nani alitegemea yashuke?

Na elimu yenyewe huchacha. Chukua ajali za mabasi, ambazo sisi wa barabara yenye miteremko ya Kitonga na Iwambi hatuhitaji kusimuliwa. Zamani watabibu wengi walifundishwa kuwakusanya manusura mapema, kila mmoja aeleze alichokiona, atoe la moyoni. Ilionekana busara tupu. Tafiti zilipolinganishwa, kikao kimoja cha namna hiyo hakikuonekana kuzuia kiwewe, na kuna waliobaki na hali mbaya zaidi. Leo Shirika la Afya Duniani halikipendekezi. Aliyehitimu miaka ya 1980 akafunga daftari angekuwa anakiendesha mpaka sasa, tena kwa moyo mweupe.

Ndiyo maana nchi nyingine huhesabu saa. Australia, mwanasaikolojia aliyesajiliwa hutakiwa kutimiza saa 30 za kujiendeleza kila mwaka, na 10 kati ya hizo ni za kukaa na wanataaluma wenzake kuzungumzia kazi yake mwenyewe. Kwangu mimi hizo 10 ndizo zenye uzito. Semina tunazijua: unasaini, unakunywa chai, unasinzia, unapewa cheti. Lakini huwezi kusinzia wakati mwenzako anakuuliza kwa nini ulimkatiza mama yule alipoanza kulia.

Kijana alimweleza mjomba wake kwamba kwenye begi ana maelezo ya watu watatu, majina yameondolewa, wote waliokuja mara moja tu wakapotea. Anataka wenzake wamwonyeshe alipokosea.

Mzee akanyamaza kidogo. "Kumbe ni kama mimi ninavyopeleka majani yenye madoa pale kwa watafiti wa kilimo."

"Ndiyo, mjomba."

"Basi nenda. Gari litakuacha."