Miezi sita si mwisho wa maneno

Arua, Busia, hata Kampala, utasikia kauli hii mtu akipatwa na kiharusi na kupoteza maneno, yaani afasia: "Kisichorudi ndani ya miezi sita hakirudi tena." Si kweli, ingawa chanzo chake naona kinaeleweka, kwa sababu nafuu kubwa huja miezi ya mwanzo. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Ujerumani uliohusisha watu 156 waliokaa na afasia miezi sita au zaidi. Wiki tatu za tiba ya usemi na lugha, saa 10 au zaidi kila wiki, ziliboresha mazungumzo yao ya kila siku. Wenzao waliokuwa bado wakingoja zamu ya tiba hawakupata nafuu hiyo.

Nafuu hiyo hupimwaje? Hapa familia nyingi hujidanganya. Mzee akijibu "Salama tu" nyumba nzima inashangilia, kumbe salamu, kuhesabu moja hadi kumi na nyimbo za zamani mara nyingi hubaki hata lugha ikiharibika vibaya. Mwonyeshe picha ya kikombe: "Ile... ya... ya chai." Hapo ndipo penye habari. Mtaalamu hupima kabla na baada ya tiba, kwa maneno yaliyofanyiwa mazoezi na yasiyofanyiwa, kisha humpa jambo la kueleza: fundi cherehani amekushonea suruali fupi, utamwambiaje? Na kama mzee huuza dukani kwa Kiswahili lakini nyumbani huongea Kilugbara, apimwe kwa lugha zote mbili. Haziharibiki sawasawa kila mara, wala hazirudi kwa mwendo mmoja.