Polisemia: kwa nini neno moja la Kiingereza hudai maneno matatu ya Kihispania

Polisemia ni hali ya neno moja kubeba maana zaidi ya moja, huku maana hizo zikiwa na undugu. Kichwa cha mtu, kichwa cha habari, kichwa cha treni. Hakuna abiria aliyewahi kushuka stesheni ya Kigoma akashangaa kwamba treni ina kichwa. Maana ya kwanza ilizaa nyingine, wasemaji wakazizoea, basi. Jirani yake polisemia ni homonimia, pale maneno yasiyo na uhusiano yanapogongana kwa sauti tu: paa la nyumba, paa wa porini, ndege kupaa. Wanaisimu hubishana mpaka baina ya hizo mbili upo wapi. Anayetafsiri hana haja ya kuingia kwenye ubishi huo. Yeye ameliona neno moja, na lugha anayoiendea inamtaka achague.

Mada hii inawagusa zaidi vijana wa Kigoma wanaotaka kuongoza watalii Gombe na Mahale. Wageni wanaokuja kuona sokwe si wote wanaotoka nchi za Kiingereza. Wapo wa Hispania, wapo wa Mexico na Argentina. Kijana akiamua kujifunza Kihispania, vitabu na programu za simu anazozipata kwa kawaida humfundisha kupitia Kiingereza. Kwa hiyo mtu aliyekulia kwenye Kiha na Kiswahili anapelekwa Kihispania kwa kupitia lugha ya tatu, na njiani anabebeshwa utata ambao si wake. Sehemu nyingi Kiingereza kimekusanya mambo chini ya neno moja, wakati Kiswahili na Kihispania vyote viwili vimeyatenganisha.

Chukua “ask”. Vitabu hutumia kurasa nzima kumweleza mwanafunzi kwamba “preguntar” ni kutaka jibu na “pedir” ni kutaka kitu. Sisi tuna kuuliza na kuomba, na hata mtoto wa chekechea hazichanganyi. Chukua “play”: mpira tunacheza, gitaa tunapiga. Kihispania nacho kina “jugar” kwa mpira na “tocar” kwa gitaa. “Save” imegawanyika mara tatu kwao kama kwetu: kuokoa mtu ni “salvar”, kuweka akiba ni “ahorrar”, kuhifadhi kitu ni “guardar”. Ile namba ya mteja unayoisevu kwenye simu ni “guardar” pia. Na “free” ya kiingilio cha bure ni “gratis”, lakini ukimuuliza mtu kama ana nafasi kesho, hiyo ni “libre”.

“Time” inahitaji maelezo kidogo zaidi. Wakati au muda ni “tiempo”, saa ya kuulizia ni “hora”, mara ni “vez”. Sina muda: “no tengo tiempo”. Ni saa ngapi: “¿qué hora es?”. Mara tatu: “tres veces”. Mgawanyo ni ule ule wa kwetu, ila kuna mtego mmoja ambao hauhusu maana ya neno bali hesabu yake. Boti ya saa mbili asubuhi kwa Mhispania ni ya “las ocho”. Ukimwambia “las dos” atakuja mchana, na boti itakuwa imeshafika Gombe zamani.

Ushauri wangu kwa hiyo ni huu: ukikutana na neno la Kiingereza lenye maana nyingi, usikimbilie orodha ya Kihispania. Liweke kwanza kwenye sentensi, uiseme sentensi hiyo kwa Kiswahili, uone umetumia neno gani. Mara nyingi kazi ya kuchagua itakuwa imekwisha hapo.

Mahali ambapo njia hii inalipa kuliko pengine popote ni kwenye “to be”. Kihispania kina vitenzi viwili, “ser” na “estar”, na wanafunzi wanaotokea Kiingereza huteseka navyo kwa miaka. Huambiwa kwamba “ser” ni kwa mambo ya kudumu na “estar” kwa ya muda. Kanuni hiyo ni mbovu. Mtu akifa, Kihispania husema “está muerto”, na sijui kuna jambo gani la kudumu kuliko hilo.

Mswahili anaweza kuanzia kwingine. Palipo na “ni” ya kueleza kitu ni nini au kina sifa gani, weka “ser”. Palipo na yuko, iko, upo ya mahali, weka “estar”. Gombe ni hifadhi: “Gombe es un parque nacional”. Gombe iko Kigoma: “Gombe está en Kigoma”. Halafu kuna kundi la tatu, ambalo ndilo tamu. Kiswahili kinapoeleza hali ambayo mtu au kitu kimefikia, hutumia -me-: amechoka, amelala, amekaa, kimevunjika, mlango umefungwa, amekufa. Kihispania hapo hutumia “estar”: “está cansado”, “está dormido”, “está sentado”, “está roto”, “está cerrada”, “está muerto”. Hata marehemu ameingia kwenye kanuni bila kulazimishwa.

Tazama sentensi mbili ambazo mwongoza watalii atazihitaji kila siku. Ziwa Tanganyika lina kina kirefu, takribani mita 1,470 pale panapozidi, na hakuna ziwa Afrika linalolifikia. Hiyo ni sifa yake, kwa hiyo “el lago es profundo”. Asubuhi ya leo ziwa limetulia. Hiyo ni hali liliyofikia, kwa hiyo “el lago está tranquilo”. Ukizibadilisha, mgeni anaweza kuelewa kitu kingine kabisa. “Estoy aburrido” ni nimeboeka. “Soy aburrido” ni mimi ni mtu wa kuboa, na hilo si neno la kumwambia mteja kabla hajalipa.

Kanuni hiyo ina mipaka yake, nayo ni miwili ya kukumbuka. -Me- ya tendo, kama amefika au amenunua, haina uhusiano na “estar”. Hiyo ni “ha llegado”, “ha comprado”. Na shughuli inapofanyika mahali, Kihispania hurudi kwenye “ser”: mkutano uko Ujiji ni “la reunión es en Ujiji”, ingawa sisi tumesema uko.

“Know” nayo husumbua, kwa kuwa Kiswahili kwa juu juu kinaonekana kufanana na Kiingereza: kujua ni kujua. Kumbe Kihispania kina “saber” na “conocer”. Lakini angalia kinachofuata baada ya kujua. Kikifuata kitenzi au “kwamba”, ni “saber”: najua kuogelea, “sé nadar”; najua kwamba mvua itanyesha, “sé que va a llover”. Akifuata mtu au mahali, ni “conocer”: namjua nahodha, “conozco al capitán”, naijua Mahale, “conozco Mahale”. Hiyo “al” imeingia kwa sababu nahodha ni mtu. Kihispania humwekea mtendwa aliye binadamu kialama cha “a”, karibu na vile sisi tunavyosema namjua badala ya najua nahodha.

Kuna sehemu Kiswahili hakikusaidii hata kidogo, na ni vizuri kuzijua mapema. Ya kwanza ipo mwaloni Kibirizi, Kigoma. Samaki ni samaki kwetu, yumo majini, yumo kwenye mtumbwi, yumo sahanini. Mhispania anatenganisha. Mgebuka anayeogelea ni “pez”. Akishavuliwa akawa wa kuliwa, ni “pescado”, na neno lenyewe limetokana na kitenzi “pescar”, kuvua, yaani aliyevuliwa. Kijana anayeeleza uvuvi wa dagaa hapa huwa na sentensi ya Kiingereza aliyokwisha kuikariri, kwamba samaki hufuata taa usiku wa giza, wavuvi huwazungushia wavu, na kesho yake tunawala kwa ugali. “Fish” moja inamtosha hadithi yote. Akiibeba kwa Kihispania akasema “comemos pez con ugali”, mgeni atacheka, maana sikioni mwake ni kama kula samaki aliyemo majini bado. Mwanzo wa hadithi aseme “peces”, mwisho wake “pescado”. Kigeuzi ni wavu.

Hadithi hiyo hiyo ina “light”, ambayo kwa Kiswahili wala haisumbui: taa au mwanga ni “luz”, chepesi ni “ligero”, rangi iliyofifia ni “claro”.

Ya pili ni viungo vya mwili. Sikio kwetu ni moja. Kwao la nje linaloonekana ni “oreja”, na la ndani linalosikia ni “oído”. Mtoto akilia sikio linamuuma, kwa kawaida ni “oído”. Mguu wetu ndio umekusanya mengi zaidi. Kiingereza kina “leg” na “foot”, sisi tuna mguu tu, na Kihispania kina “pierna” kwa mguu wa binadamu, “pie” kwa sehemu ya kukanyagia, na “pata” kwa mguu wa mnyama na wa meza. Mgongo vivyo hivyo: wa mtu ni “espalda”, wa mnyama ni “lomo”. Mtu akiwa Gombe anamwelezea sokwe aliyebeba mtoto mgongoni, aseme lipi? Kwa kawaida ya lugha ni la mnyama. Hata hivyo ukiwasikia wageni wakiwatazama wale sokwe kwa mara ya kwanza, usishangae wakitumia la watu. Upande wa vidole tunapumzika, kwa sababu “finger” na “toe” za Kiingereza kwao zote ni “dedo”, kama kidole chetu.

Wakati mwingine Kihispania hakibadilishi neno, kinabadilisha kitangulizi chake, yaani “el” au “la”. “Capital” ya Kiingereza ni mtaji, ni mji mkuu, na pia ni herufi kubwa. Mtaji ni “el capital”, mji mkuu ni “la capital”. Herufi kubwa imejitenga na kuitwa “mayúscula”. “Orden” ni hivyo hivyo: “el orden” ni mpangilio au utulivu, “la orden” ni amri. Anayejifunza maneno bila vitangulizi vyake atafika siku moja aseme Dodoma ni mtaji wa Tanzania.

Programu za kutafsiri kwenye simu zimekuwa hodari, sikatai. Zikipewa sentensi nzima mara nyingi huchagua vizuri, kwa kuwa hutazama muktadha, yaani maneno yaliyolizunguka neno. Zikipewa neno tupu hubahatisha. Andika “miss” peke yake uone. Inaweza kukuletea “señorita”, yaani binti asiyeolewa, ilhali ulichotaka kusema ni kwamba treni ilikuacha Tabora, pale reli inapogawanyika kwenda Mwanza na Kigoma: “perdí el tren”. Na kama ulitaka ile ya nimekumisi, Hispania husema “te echo de menos”, Amerika ya Kusini husema zaidi “te extraño”. Dawa yake ni nyepesi. Andika sentensi yote, kisha ipe simu jibu lake yenyewe ilirudishe kwa Kiswahili. Likirudi tofauti, kuna neno lililokosea mlango.

Isije ikadhaniwa kwamba Kihispania ndicho kinyofu na Kiingereza ndicho chenye fujo. Nacho kina polisemia yake. “Banco” ni benki, ni benchi la kukalia, na ni kundi la samaki pia, “banco de peces”. Ya benki na benchi yana historia: wabadilisha fedha wa Italia ya zamani walifanyia kazi mezani, na meza hiyo ndiyo iliyozaa jina. Ukingo wa mto, ambao Kiingereza nao huuita “bank”, hauna nafasi hapo; huo ni “orilla”. “Tiempo” ni wakati na ni hali ya hewa, kwa hiyo ziwa likichafuka utasikia “hace mal tiempo”, wala hakuna anayelaumu saa. Na “muelle” ni gati, pale meli zinapofunga bandarini Kigoma, lakini Hispania neno hilo hilo ni springi ya kitanda.

Mwisho kuna tofauti za nchi na nchi, ambazo kamusi fupi haziziandiki. “Trunk” ya mti ni “tronco”, mkonga wa tembo ni “trompa”, hizo hazina ubishi. Buti la gari ndilo lina majina: “maletero” Hispania, “cajuela” Mexico, “baúl” Argentina. Mizigo ya mgeni itaingia kwa jina lolote, ukionyesha kwa kidole. Kitenzi cha kuangalia zaidi ni “coger”. Hispania ni neno la kawaida la kuchukua au kupanda chombo, na mtu atasema “coger el barco” mbele ya wazazi wake. Mexico na Argentina ni tusi la chumbani. Kwa kuwa hujui abiria wako katoka wapi, mwambie “tomar el barco”, ambayo inapita kote.