Kabla ya kuomba operesheni ya mguu uliovimba

Mgonjwa aliyekaa na mguu uliovimba kwa miaka akiingia kliniki yetu hapa Mwanza, mara nyingi huanza na swali hili: "Daktari, hamuwezi kuupasua maji yakatoka?" Namwelewa. Ameona jirani akifanyiwa operesheni ya busha na kurudi kazini. Lakini maji ya busha yamekaa kwenye mfuko mmoja. Ya mguuni yameenea chini ya ngozi kuanzia vidoleni hadi pajani, kama godoro lililonyeshewa, na godoro hulikaushi kwa kulitoboa. Ndiyo maana chale wanazochanjwa baadhi ya wagonjwa huishia kuwa vidonda.

Maji hayo huitwa limfu. Huvuja kutoka kwenye mishipa ya damu, kisha hurudishwa na mirija myembamba inayopitia matezi ya kinenani, yale yale yanayouma mtu akipata mtoki. Mirija ikiharibika, maji hubaki. Wapo waliozaliwa na mirija dhaifu, wapo walioumwa na mbu wakaambukizwa minyoo ya matende, na wapo wanawake waliopigwa mionzi au kuondolewa matezi kwa sababu ya saratani ya shingo ya kizazi.

Mmoja wa hao alikuwa mama muuza dagaa aliyevuka kutoka Ukerewe. Mguu mmoja una kandambili, mwingine kaufunga kitenge kwa kuwa ukanda haukuvuka tena. Nilijaribu kufinya ngozi kwenye shina la kidole chake cha pili, haikushikika. Hiyo ni dalili kubwa ya ugonjwa huu wa limfu kubaki mguuni. Nikabonyeza mguu kwa kidole gumba, nikashikilia kidogo, nikaachia. Shimo likabaki.

Shimo hilo lina maana kubwa. Likibaki, uvimbe bado ni maji kwa sehemu kubwa, na upasuaji wa kuyafungulia njia unaweza kufikiriwa. Njia ya kwanza ni kuunganisha mirija ya limfu na vijimshipa vya damu. Mirija yenyewe haifiki upana wa milimita moja, hivyo daktari hushona akitazama kwa darubini, kwa uzi usioonekana vizuri kwa macho. Mikato ni midogo. Njia ya pili ni kuhamisha matezi yenye mishipa yake ya damu kutoka sehemu nyingine, kwa mfano shingoni au tumboni, na kuyapandikiza mguuni. Faida yake huchukua miezi mingi kuonekana, na pale yalipotolewa matezi panaweza kuvimba pia. Vituo vyenye vifaa na mafunzo hayo ni vichache, kwa hiyo uliza mapema kuhusu rufaa.

Mguu wa miaka mingi hugeuka. Maji huacha mafuta na nyama ngumu, na kidole gumba hakizami tena. Hapo kuunganisha mirija peke yake hakuupunguzi, bali mafuta hunyonywa kwa bomba kupitia matundu madogo. Daktari wa upasuaji Håkan Brorson wa Malmö, Sweden, ndiye aliyeiendeleza sana njia hii, na msisitizo wake ni huu: soksi ya kubana huvaliwa maisha yote. Ukiivua kwa miezi, mguu unarudi ulikotoka.

Kukata ngozi na nyama iliyozidi, kisha kupandikiza ngozi, ni njia yetu ya mwisho, kwa miguu mikubwa mno yenye mikunjo na vinundu. Damu hupotea nyingi, vidonda huchelewa kupona, makovu hubaki.

Kabla ya yote hayo, moyo, figo na ini vipimwe, donge la damu mguuni litafutwe, na aliyewahi kuugua saratani achunguzwe kama haijarudi. Kisha bandeji za kubana, mazoezi, kuinua mguu, kuosha kwa sabuni na kukausha vizuri katikati ya vidole, maana fangasi hufungua mlango wa vijidudu. Mama yule tulianza naye hapo. Baada ya miezi mitatu ya bandeji ukanda wa kandambili ulivuka, na yeye mwenyewe akasema operesheni isubiri.

Jambo moja lisisubiri. Mguu ukiwa mwekundu, wa moto, unauma, na homa imepanda, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hayo ni maambukizi, na kila yanapojirudia huua mirija mingine iliyokuwa imesalia.